Kwa nini unatoka Makoroboi mkono mtupu

Swali: "Mimi ni mwalimu, mwaka huu nimehamia Mwanza mjini kutoka kisiwani Ukerewe. Kule Nansio nilikuwa naingia dukani nakuta aina mbili tatu, nachukua moja naondoka. Huku naingia Makoroboi, eneo la maduka, saa tatu asubuhi natoka saa tisa sina kitu, miguu inauma na hasira juu. Simu yangu imepasuka kioo, hii ni wiki ya tatu nazunguka kutafuta nyingine. Kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu tunakijadili kwenye grupu la WhatsApp tangu mwezi uliopita: tuko wanawake 14, picha zimepita 60. Hata kifurushi cha intaneti, nikifungua ile menyu naishia kununua cha siku. Mume wangu anasema ni uvivu wa kuamua. Je, ni ugonjwa? Au nimwachie yeye awe anachagua?"

Jibu:

Mwalimu, shemeji amekosea jina. Mvivu angechukua cha kwanza alichokiona akarudi nyumbani kulala. Wewe umefanya kazi saa sita juani, tena kazi ambayo kichwa cha binadamu hakiwezi kuimaliza.

Unaijua methali ya njia mbili zilizomshinda fisi. Wengi huitumia kuwasema wenye tamaa, lakini itazame upya. Njia zilikuwa mbili tu, wala hazikuwa mia. Taabu ilikuwa kwamba harufu ya nyama ilitoka pande zote mbili kwa nguvu ileile, fisi akakosa sababu ya kuiacha moja. Mwaka 1995 Redelmeier na Shafir walichapisha jaribio linaloonesha jambo hilohilo kwa madaktari. Waliwaeleza habari za mgonjwa mwenye maumivu ya nyonga ambaye yuko njiani kupelekwa kwa daktari wa mifupa. Kundi moja liliambiwa imebaki dawa moja ambayo hajaijaribu; asilimia 72 wakaamua apewe. Kundi la pili liliambiwa zimebaki dawa mbili. Hapo waliokubali apewe dawa, yoyote kati ya hizo, wakashuka hadi asilimia 53. Dawa imeongezeka, wanaoitoa wamepungua. Na hao ni watu waliosomea kazi hiyo.

Jaribio linalotajwa zaidi ni lile la jamu, la Iyengar na Lepper, lililochapishwa mwaka 2000. Katika duka moja la vyakula huko California waliweka meza ya kuonja, safari moja ikiwa na aina 24 za jamu, safari nyingine aina 6. Meza ya 24 ilivuta watu: asilimia 60 ya waliopita walisimama, wakati meza ya 6 ilisimamisha asilimia 40. Lakini kati ya waliosimama kwenye aina 24, walionunua walikuwa asilimia 3. Kwenye aina 6 walinunua asilimia 30. Jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka ni hili: waliosimama kwenye meza ya 24 hawakuonja hata aina mbili kwa wastani, karibu sawa na wenzao wa meza ya 6. Wingi uliwaita, ukawapa cha kutazama, wakaenda zao. Hapo ndipo Makoroboi yako ilipo.

Sasa tahadhari, maana kuna watu wamelifanya jaribio hili kuwa aya ya kitabu kitakatifu. Mwaka 2010 Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo, na walipopiga wastani, athari ya wingi ilikaribia sifuri. Mahali pengine wingi uliwazuia watu, mahali pengine uliwasaidia. Miaka mitano baadaye Chernev, Böckenholt na Goodman walichambua wingi unaumiza lini, wakapata mambo manne. Nayaeleza kwa lugha ya sokoni: bidhaa zinapofanana au kuwa na sifa nyingi za kulinganisha, kazi ya kuchagua inapokuwa ngumu, kwa mfano muda ni mfupi na muuzaji anakuharakisha, wewe mwenyewe unapokuwa hujui unataka nini, na lengo lako linapokuwa kuchagua kimoja hasa, si kutembeza macho.

La tatu, la kutojua unataka nini, ndilo naligombania. Mama lishe anayenunua mchele kila siku hasumbuliwi na magunia ishirini ya aina tofauti, kwa sababu anajua mchele wake upikwe vipi na usizidi shilingi ngapi. Anapita kumi na tano bila hata kuyaona. Wewe kwenye simu huna kipimo hicho, ndiyo maana kila simu inayowekwa mezani unaitazama kama mgeni mpya anayestahili kusikilizwa.

Na kusikiliza kuna gharama. Ukilinganisha vitu kwa jozi, hiki na kile, vitu 3 vina jozi 3. Vitu 6 vina jozi 15. Vitu 24 vina jozi 276, na zile picha 60 za grupu lenu zina jozi 1,770. Hakuna anayezipitia zote, bila shaka. Lakini ukishaanza kusema "hii nzuri kuliko ile, ila ile ya mwanzo nayo...", umeingia kwenye hesabu hiyo, na kichwa kinashika vitu vinne hivi kwa pamoja, visivyozidi.

Kwa hiyo punguza kabla hujaingia sokoni. Ukishafika ndani umechelewa.

Tuanze na simu. Mwaka 1972 mtafiti Amos Tversky alieleza njia ambayo watu huitumia wenyewe bila kufundishwa: chukua sharti moja, toa kila kisicholitimiza, kisha nenda sharti la pili. Faida yake ni kwamba hulinganishi kitu na kitu. Unalinganisha kitu na sharti, na jibu ni ndiyo au hapana. Anza na sharti linalofyeka wengi zaidi. Kwa mwalimu anayetumia WhatsApp, kupiga picha za kazi za wanafunzi na kufungua faili za masomo, ningeandika hivi kwenye karatasi: bei ya mwisho (iandike kwa tarakimu, usiandike "kama laki tatu hivi"), hifadhi GB 128, RAM ya kweli (kumbukumbu ambayo simu huitumia ikiwa kazini) GB 4 au zaidi, betri mAh 5,000, waranti ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye risiti. Basi. Kamera usiiweke. Wauzaji watakuonesha kamera kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye kioo cha duka, na ukiiruhusu iingie kwenye orodha utarudi kwenye jozi.

Nimesema RAM ya kweli kwa makusudi. Angalia maandishi kwenye boksi: ukiona "8GB", tafuta maandishi madogo pembeni. Mara nyingi ni 4+4, maana yake RAM ni 4 na hizo nyingine 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Hapo watu wengi hulipia namba. Kisha, kabla ya kulipa, bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI (kitambulisho cha simu) inayotokea na ile ya kwenye boksi, weka laini yako upige simu moja papo hapo, na uondoke na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye IMEI hiyo.

Idadi ya maduka iwe matatu, uyachague nyumbani. Duka la nne ni marufuku, hata kama liko njiani kuelekea kituo cha daladala. Na uwe macho na simu ya tatu. Umesimama mbele ya simu mbili: moja rahisi yenye hifadhi ndogo, nyingine ghali yenye hifadhi kubwa. Umesita. Muuzaji anatoa ya tatu kutoka chini ya kaunta, ghali kuliko ile ghali, ila hifadhi yake ni ndogo kidogo. Hakuna mwenye akili atakayeinunua, na muuzaji hatarajii uinunue. Kazi yake ni kuifanya ile ya pili ionekane bei nzuri. Huber, Payne na Puto waliuonesha mtego huo mwaka 1982 na bado unanasa. Dawa yake ni karatasi yako: simu ya tatu imetimiza masharti? Haijatimiza? Basi haipo.

Ikitokea simu mbili zimetimiza yote, chukua iliyo kwenye duka la karibu na kwako. Sina mzaha. Vitu viwili vikishapita masharti yote matano, tofauti iliyobaki haitaonekana kwenye maisha yako, lakini fundi na waranti vikiwa Buhongwa au Igoma, kama ndiko unakokaa, hilo utaliona. Wenzako wanaokuja kununua mjini na kuwahi meli ya kurudi Nansio hununua haraka kuliko wewe, maana saa ya meli inawakatia. Wewe huna meli tena, kwa hiyo jiwekee: Jumamosi, saa sita mchana, nimelipa.

Sare ndiyo ngumu, maana hapo vichwa ni kumi na vinne. Na grupu linaweza kukwama hata kama kila mmoja wenu anajua vizuri anachotaka. Chukua watu watatu na vitenge vitatu. Shangazi anapenda bluu, kisha njano, mwisho kijani. Wifi anapenda njano, kisha kijani, mwisho bluu. Dada anapenda kijani, kisha bluu, mwisho njano. Shindanisha bluu na njano: shangazi na dada wanataka bluu, imeshinda. Njano na kijani: shangazi na wifi wanataka njano. Sasa kijani na bluu: wifi na dada wanataka kijani. Bluu imeishinda njano, njano imeishinda kijani, na kijani kimeishinda bluu. Mnazunguka kama punda wa kinu, na hakuna mkorofi hata mmoja. Condorcet, Mfaransa, aliandika juu ya mzunguko huu mwaka 1785. Jinsi vya kuchagua vinavyoongezeka ndivyo nafasi ya kuukuta inavyoongezeka. Kila anayetuma picha na kuandika "na hii je?" anaongeza njia kwenye ule mzunguko.

Fanyeni hivi. Wateueni wawili tu, mmoja upande wa bibi harusi na mwingine anayejua vitambaa, waende sokoni siku moja. Kabla hawajapiga picha yoyote wamuulize muuzaji: vipo vipande vingapi vya ua hili? Kwa watu 14, kila mmoja yadi 6, mnahitaji vipande 14 na viwili vya akiba, maana fundi hukosea na mjomba huleta mchumba dakika za mwisho. Kitenge ambacho havipatikani vipande 16 kwa mpigo hakipigwi picha, hata kiwe kizuri namna gani. Msikubali "vingine vinakuja wiki ijayo". Mzigo mwingine huweza kuja na rangi iliyopishana kidogo, na kwenye picha za harusi itaonekana kama sare mbili.

Vilivyobaki vipimwe. Geuza upande wa nyuma: kitenge cha wax rangi yake huonekana karibu sawa pande zote mbili, kilichochapwa juujuu hupauka nyuma. Lowesha kitambaa cheupe, sugua. Kikitoka na rangi, mtafua na kulia. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kiberiti: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kijitone kigumu. Fumbateni kipande kwenye ngumi nusu dakika, muone kinavyojikunja.

Vikibaki vitatu, vipigwe picha nje ya duka, kivulini, karatasi nyeupe ikiwa pembeni ya kitambaa ili simu isidanganye rangi. Picha tatu zinaingia kwenye grupu asubuhi, na swali lisiwe "mnapenda kipi?" Uliza: "Kila mtu ataje vyote anavyoweza kuvaa." Mtu anaweza kutaja kimoja, viwili, au vyote. Kilichotajwa na wengi ndicho sare, hesabu inafungwa saa mbili usiku, na fedha ya utangulizi inalipwa kesho yake. Swali hilo linatafuta kitenge kisichokataliwa, na kwa sare hicho ndicho mnachohitaji. Anayeleta picha ya nne ajibiwe kwa upole kwamba kitapendeza sana kwenye kitchen party.

Kifurushi hakistahili maneno mengi. Fungua mipangilio ya simu, angalia matumizi ya data ya mwezi uliopita. Tuseme ni GB 6. Gawa kwa siku 30, unapata kama MB 200 kwa siku. Sasa unatafuta kitu kimoja: kifurushi cha mwezi, au cha wiki kama mshahara hauruhusu, kinachofika hapo, na GB zake zisiwe za usiku tu au za mtandao mmoja wa kijamii. Unanunua cha siku kwa sababu menyu ni ndefu, ukichelewa inakatika unaanza upya, na cha siku kiko juu. Kwa kukwepa kuamua mara moja umejitwisha kuamua mara thelathini. Ukishakipata, andika njia yake nyuma ya daftari (bonyeza 3, kisha 1, kisha 4, au vyovyote ilivyo) na usiisome menyu tena hadi bei zibadilike.

Mboga vilevile. Hukuuliza, lakini "leo tupike nini" huulizwa kila siku katika nyumba ileile na kumaliza nguvu ambazo ungezitumia kwingine. Panga siku tano, acha mbili wazi. Dagaa waweke siku mbili, ila angalia mwezi angani: wavuvi wa dagaa hutumia taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea mzigo hupungua na bei hupanda, wiki hiyo weka maharage. Ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba usilinganishe ndoo kumi za dagaa. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, tazama chini. Mchanga ukituama, hao walianikwa chini; hamia kwa muuzaji wa pili. Sato ni macho na matamvua: macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Wa kwanza anayepita ndiye anayekwenda nyumbani.

Njia hii ya kuchukua cha kwanza kinachotimiza masharti ina mtetezi mkubwa, Herbert Simon, aliyeieleza mwaka 1956 na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Alisema binadamu hana muda wala kichwa cha kutafuta kilicho bora kabisa, hivyo hutafuta kinachotosha. Nisikufiche upande wa pili. Iyengar, Wells na Schwartz walifuatilia wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi, wakachapisha matokeo mwaka 2006: wale wenye tabia ya kutafuta kilicho bora zaidi walipata mishahara iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20 hivi. Lakini hawakuridhika nayo kama wenzao walivyoridhika na midogo. Kwa hiyo kuzunguka kuna malipo, na kwa kiwanja au shule ya mtoto ningekuambia zunguka. Kwa kava la simu, hapana.

Kuna kosa moja hutokea baada ya kununua. Gilbert na Ebert, mwaka 2002, waliwapa wanafunzi picha walizopiga wenyewe wachague moja ya kubaki nayo. Walioambiwa wanaweza kubadilisha baadaye waliipenda picha yao kidogo kuliko walioambiwa uamuzi ni wa mwisho. Mlango ukiwa wazi, moyo unaendelea kuchungulia. Ukishanunua simu na kuikagua, usipite tena kuuliza bei kwenye yale maduka mengine mawili, na ondoka kwenye magrupu ya matangazo ya simu uliyojiunga nayo wiki hizi tatu.

Kuhusu ugonjwa: kusitasita peke yake si ugonjwa, na ushahidi ni kwamba Nansio ulikuwa unanunua unaondoka. Ila kama umeanza kushindwa hata mambo uliyokuwa ukiyaamua bila kufikiri, na pamoja na hilo usingizi umevurugika, chakula hakipandi, hakuna kinachokufurahisha, na hali imedumu wiki mbili, nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo. Kushindwa kuamua ni mojawapo ya dalili za sonona, na sonona inatibika.

Na la mwisho, umwachie shemeji? Simu mwachie ukitaka, kwa masharti mawili. Mpe karatasi ile yenye masharti matano na majina ya maduka matatu, na akirudi nayo usimuulize "hukuona nyingine?" Ukimuuliza mara moja tu, safari ijayo atakupigia kutoka dukani akusomee aina zote kumi na mbili, na jozi zimerudi kwako. Kitenge usimpe.